Nina Simone: maswali ambayo wapenzi wa muziki wa Kisumu hawachoki kuyauliza

Tunapokutana hapa Kisumu kusikiliza santuri za zamani, zamu ya Nina Simone ikifika maswali huwa mengi kuliko nyimbo. Mengine huletwa na vijana wanaopiga vinanda makanisani, mengine na wazee waliokulia kwenye benga, na mengine hutumwa kwa simu na watu wa Kakamega, Siaya na Nakuru wasioweza kufika. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yangu. Niseme mapema ninakoegemea: kwangu huyu ni mpiga piano kwanza, mwimbaji baadaye. Asiyekubali na asome tu, tutabishana tukionana.

Nina Simone alikuwa nani hasa?

Mwimbaji, mpiga piano na mtunzi, Mmarekani mweusi. Alizaliwa tarehe 21 Februari 1933 katika mji mdogo wa Tryon, jimbo la North Carolina, akafariki tarehe 21 Aprili 2003 kusini mwa Ufaransa. Alirekodi jazz, bluzi, nyimbo za kiroho, nyimbo za maigizo ya Broadway na nyimbo za mapambano, na mara nyingi alizichanganya zote katika onyesho la usiku mmoja. Sauti yake ni ya chini na nzito, kiasi kwamba wageni wengi wakiisikia mara ya kwanza huuliza kama anayeimba ni mwanamume.

Hilo ndilo jina alilopewa na wazazi?

Hapana. Wazazi walimwita Eunice Kathleen Waymon. Alijibatiza Nina Simone mwaka 1954 alipoanza kupiga piano katika baa. "Nina" lilikuwa jina la mahaba aliloitwa na mpenzi wake wa wakati huo, na "Simone" alilichukua kwa Simone Signoret, mwigizaji wa filamu wa Ufaransa. Sababu ya kujificha ilikuwa moja: mama yake asijue.

Mama yake alikuwa na neno gani na muziki?

Swali hili huulizwa sana na wapiga vinanda wa makanisani, na ninaelewa kwa nini. Mama yake, Mary Kate, alikuwa mhubiri wa Methodisti, na nyumbani muziki uligawanywa pande mbili: wa Mungu, na ule mwingine. Mtoto Eunice alianza kugusa piano akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Muda si mrefu akawa ndiye anayepiga ibadani na kwenye mikutano ya uamsho, ile ambayo watu huimba ubeti mmoja hadi jasho liwatoke na mtu aanguke. Yeyote aliyewahi kukesha kwenye mkutano wa injili huko Vihiga au Bungoma anajua mpiga kinanda hufanya kazi gani saa nane za usiku. Hafuati karatasi. Anawafuata watu, anajua lini apandishe na lini aushikilie wimbo usiishe. Eunice alijifunza hayo kabla hajajifunza kusoma noti.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama alitoka kanisani akaenda duniani, jibu langu ni kwamba alienda na kanisa lake mkononi. Kama ilikuwa dhambi au la, hilo waulizeni wachungaji wenu.

Alijifunzia wapi kupiga piano kwa kiwango kile?

Mama yake, mbali na kuhubiri, alifanya kazi za nyumbani kwa mwanamke mmoja Mzungu pale Tryon. Mwanamke huyo alimsikia mtoto akipiga, akajitolea kumlipia masomo ya mwaka mmoja. Mwalimu alikuwa Muriel Mazzanovich, Mwingereza aliyehamia mji huo, na ndiye aliyempa Bach, mtunzi Mjerumani wa muziki wa klasiki. Mwaka wa ufadhili ulipokwisha, mwalimu mwenyewe alianzisha mfuko wa michango, wakazi wa mji wakachanga, weusi kwa weupe, ili msichana asiache. Ni harambee, hakuna jina jingine. Malipo yake yalikuwa kwamba mtoto awapigie waliochanga, mbele ya watu, ili waone fedha yao imekwenda wapi.

Katika onyesho mojawapo la namna hiyo, akiwa bado msichana mdogo, wazazi wake walikaa kiti cha mbele kumtazama binti yao. Wakaambiwa wainuke, wawapishe Wazungu. Eunice akasema hapigi mpaka wazazi warudishwe mbele, na wakarudishwa. Alisimulia kisa hicho maisha yake yote.

Baadaye alipelekwa shule ya bweni ya wasichana weusi mjini Asheville, akamaliza akiwa wa kwanza darasani, na katika majira ya joto ya 1950 akasoma Juilliard, chuo cha muziki cha New York, chini ya mwalimu Carl Friedberg. Nia ilikuwa kujiandaa kwa mtihani wa kuingia Curtis Institute, chuo cha muziki cha Philadelphia. Alitaka kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kupata jina kubwa Marekani kwa kupiga muziki wa klasiki majukwaani. Kuimba hakukuwamo kwenye mpango.

Ni kweli Curtis walimkataa kwa sababu ya rangi yake?

Mwenyewe aliamini hivyo mpaka kufa. Alifanya mtihani mwaka 1951, akakataliwa, na familia yake ilikuwa imekwisha kuhamia Philadelphia kwa ajili ya masomo hayo. Hebu fikiria: umehamisha watu nyumbani, mji mzima ulichanga, halafu barua inasema hapana.

Upande wa pili una hoja zake. Mwaka ule nafasi zilikuwa chache mno ukilinganisha na waombaji. Curtis ilikuwa tayari imemhitimisha mpiga piano mweusi, George Walker, mwaka 1945. Na Vladimir Sokoloff, mwalimu wa chuo hicho ambaye baadaye alimfundisha Eunice kwa malipo ya faragha, alisema rangi haikuhusika.

Mimi nasema hivi. Msichana aliyewaona wazazi wake wakiinuliwa kwenye viti alikuwa na kila sababu ya kusoma barua ile kama alivyoisoma, hata kama ndani ya chumba cha mitihani hakuna aliyetamka neno rangi. Nchi nzima ilikuwa imekwisha kulitamka. Kinachojulikana wazi ni kwamba tarehe 19 Aprili 2003, siku mbili kabla hajafa, Curtis walimtunuku shahada ya heshima.

Basi kuimba kulianzaje?

Kwa njaa, tuseme ukweli. Alihitaji fedha za kumlipa Sokoloff. Alikuwa akifundisha watoto na kuwapigia piano wanafunzi wa uimbaji, na akasikia kwamba baa za Atlantic City, mji wa pwani wa starehe, zinalipa vizuri zaidi. Mwaka 1954 akapata kazi Midtown Bar, dola 90 kwa wiki. Usiku wa kwanza alipiga piano tu: klasiki, nyimbo za dini, nyimbo za watu, vyote vikisukwa pamoja. Mwenye baa akampenda, lakini akamwambia kesho aimbe au aache kazi.

Akaimba. Ndivyo tulivyompata mwimbaji. Yeye mwenyewe alikuwa akinywa maziwa pale kaunta, na wanywaji wakipiga kelele alikuwa anaacha kupiga mpaka wanyamaze. Tabia hiyo hakuiacha hata alipofika kumbi kubwa za Ulaya: ukiongea, anasimamisha wimbo na kukutazama. Ningependa kumwona akifanya hivyo Kondele Jumamosi usiku.

Jazz yake na jazz ya Shirati Jazz ni kitu kimoja?

Swali la wazee, na si la kuchekwa. Huku kwetu neno hilo liliingia kama alama ya bendi ya kisasa: gitaa za umeme, sare, na saksafoni mkibahatika. Kongo walikuwa na OK Jazz ya Franco tangu 1956, na sisi tukapata Victoria Jazz na Shirati Jazz ya D.O. Misiani. Walichopiga Misiani na wenzake ni benga, gitaa likifuata mwendo wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Jazz ya Marekani ilizaliwa New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, na msingi wake ni mpigaji kuuchukua wimbo unaojulikana na kuuvunja papo hapo kila mara upya.

Nina mwenyewe alichukia kuitwa mwimbaji wa jazz. Alisema Wazungu wanamwita hivyo kwa sababu tu ni mweusi, na kwamba anachopiga ni muziki wa klasiki wa watu weusi. Maduka ya santuri yakaendelea kumweka rafu ya jazz hata hivyo, na mimi pia, maana ni lazima akae mahali.

Kwa nini unasisitiza kila mara tusikilize mikono kabla ya sauti?

Kwa sababu sauti inakushika bila msaada wangu. Mikono ndiyo inapita bila kuonekana.

Chukueni "Love Me or Leave Me", kwenye albamu yake ya kwanza aliyoirekodi mwishoni mwa 1957. Ni wimbo wa mapenzi wa mwaka 1928, mwepesi tu, na wengi waliuimba kabla yake. Anauimba kawaida, besi na ngoma zikimsindikiza kwa haraka. Kisha anaacha kuimba, piano inabaki, na ghafla umeingia nyumbani kwa Bach. Mkono wa kulia unatoa sentensi fupi ya noti, wa kushoto unaijibu, halafu zinaanza kukimbizana kila moja na njia yake bila kugongana, na wapigaji wa besi na ngoma hawapunguzi mwendo hata kidogo.

Wanakwaya wanaosoma solfa wataelewa nikisema hivi. Katika tenzi za kawaida soprano, alto, teno na besi hutembea pamoja, silabi kwa silabi. Kwa Bach kila sauti huingia kwa wakati wake na wimbo uleule, na lazima kila moja iwe na maana hata ukiitoa peke yake. Kufanya hivyo kwa mikono miwili ni kazi ya miaka. Kufanya hivyo katikati ya wimbo wa baa, kwa kubuni, ni jambo ambalo wengi waliosoma Curtis wasingethubutu.

Au sikilizeni "Little Girl Blue", wimbo wa watunzi Rodgers na Hart. Anafungua na wimbo wa Krismasi wa mfalme mwema Wenceslas, ule wa kwaya za Kianglikana, halafu anaanza kuimba wimbo mwingine kabisa juu yake, na wa kwanza unaendelea chini. Nyimbo mbili, mtu mmoja.

Aliyekulia Nyanza ana msaada wa karibu wa kuelewa jambo hili: mpiga nyatiti. Huyo anazichezesha nyuzi nane kwa vidole, anagonga ukingo wa ala kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu, na juu ya hayo yote anaimba, akigombana na ala au akikubaliana nayo. Marehemu Ayub Ogada aliwaonyesha watu wa mabara mengine jinsi inavyofanyika. Anayejisindikiza mwenyewe ana uhuru ambao mwimbaji wa bendi hana. Anaweza kuchelewa, anaweza kunyamaza, na ala inajua kwa nini. Gitaa la Al Schackman, aliyepiga naye tangu 1957, lilikuwa miongoni mwa machache yaliyoweza kumfuata Nina. Nina alikuwa akibadilisha ufunguo bila kuonya, na Schackman anakuwa tayari yuko pale.

Ni wimbo upi uliomtoa?

"I Loves You, Porgy", kutoka opera ya Gershwin ya mwaka 1935. Mwaka 1959 ulifika nafasi ya 18 kwenye chati ya Billboard, na ndio wimbo wake pekee ulioingia ishirini bora za Marekani. Mwaka huohuo, tarehe 12 Septemba, alipiga katika ukumbi wa Town Hall, New York, na kuanzia hapo akawa nyota.

Alitajirika?

Alipata fedha nyingi, zikamponyoka nyingi zaidi. Albamu ile ya kwanza aliwauzia kampuni ya santuri haki zake zote kwa dola 3,000 taslimu. Alitaka fedha haraka arudi kwenye masomo ya klasiki. Ndani yake kulikuwa na "My Baby Just Cares for Me", wimbo ulioongezwa kujaza nafasi. Miaka 30 baadaye, 1987, ukatumiwa kwenye tangazo la manukato ya Chanel No. 5, ukapanda hadi nafasi ya tano Uingereza, na dunia nzima ikaucheza. Mirabaha aliyoipoteza kwa mkataba ule inakadiriwa kupita dola milioni moja, na sehemu aliyokuja kuipata ilibidi ipiganiwe na mawakili.

Wanamuziki wetu hulisikiliza jibu hili wakitikisa vichwa. Aliyewahi kurekodi kwa "malipo ya leo leo" na kuusikia wimbo wake kwenye kila matatu ya kwenda Busia hahitaji kuelezwa zaidi.

Kisha kuna kodi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hakulipa, akisema anapinga vita vya Vietnam, na serikali ya Marekani ikamfuatilia kwa miaka.

Aliingiaje kwenye siasa?

Kwa mabomu. Mpaka 1963 alikuwa na marafiki wa kisiasa kuliko msimamo. Aliyemsukuma zaidi alikuwa Lorraine Hansberry, mwandishi wa tamthilia, ambaye pia alikuwa mama wa ubatizo wa binti yake. Nina alisema kwamba wakikutana wao wawili hawakuwa wanazungumza mavazi wala wanaume, bali Marx, Lenin na mapinduzi.

Tarehe 12 Juni 1963 Medgar Evers, kiongozi wa haki za weusi, alipigwa risasi mbele ya nyumba yake Jackson, Mississippi. Tarehe 15 Septemba bomu likalipuka kanisani Birmingham, Alabama, Jumapili asubuhi, likaua wasichana wanne waliokuwa wamekwenda ibada. Habari ilipomfikia Nina, alikwenda kwenye banda la gari akaanza kukusanya vipande vya chuma ili atengeneze bunduki. Mume wake, aliyekuwa mpelelezi wa polisi, alimwambia kwamba hajui kitu kuhusu kuua. Anachokijua ni muziki. Akaketi kwenye piano. Baada ya kama saa moja akainuka na "Mississippi Goddam".

Ukweli ni kwamba werevu wa wimbo huo uko kwenye piano tena. Muziki wake ni wa furaha, wa kurukaruka, wa kuwafungulia watu pazia la mchezo wa kuigiza. Kwenye rekodi ya Carnegie Hall ya mwaka 1964 unawasikia watu wakicheka mwanzoni. Anawaambia kwamba ni wimbo wa igizo ambalo bado halijaandikwa. Kufika katikati hakuna anayecheka. Redio za majimbo kadhaa ya kusini ziliukataa, na duka moja la South Carolina lilirudisha kasha zima la santuri, kila moja imevunjwa vipande viwili.

Machi 1965 aliwaimbia walioandamana kutoka Selma hadi Montgomery, Alabama, kudai haki ya weusi kupiga kura. Martin Luther King alipouawa tarehe 4 Aprili 1968, mpiga besi wa Nina, Gene Taylor, alitunga wimbo wa maombolezo. Bendi ikajifunza haraka, na siku tatu baada ya kifo wakaupiga jukwaani jimboni New York. Rekodi ya usiku ule ipo. Katikati anaacha kuimba na kuanza kuongea na watu kuhusu waliokwisha kufa, na piano haiachi.

Mzee mmoja hunikumbusha kila mara kwamba D.O. Misiani naye alitiwa ndani kwa ajili ya nyimbo zake. Ni kweli, na njia zao zinafanana kwa jambo moja: wote wawili walijua kwamba watu wakishaanza kucheza, utakuwa umechelewa kuwaziba masikio.

"Four Women" unazungumzia nini?

Wanawake wanne weusi, kila mmoja na rangi ya ngozi yake, nywele zake na historia yake, kuanzia mtumwa mwenye mgongo mgumu wa kubeba mizigo hadi yule wa mwisho mwenye uchungu wa kizazi kizima. Ni wa mwaka 1966. Baadhi ya redio ziliufungia, zikidai unawatukana wanawake weusi. Wanawake wanaokuja kwetu huutaka kila mara, na baada yake mjadala wa sabuni za kujichubua hauepukiki. Mwanarapu Jay-Z alichukua kipande chake mwaka 2017, ndiyo maana vijana huutambua kabla ya wazee.

Aliwahi kuishi Afrika?

Ndiyo. Mara ya kwanza alifika Lagos, Desemba 1961, na msafara wa wasanii na waandishi weusi wa Marekani, akiwemo mshairi Langston Hughes. Kisha mwaka 1974 rafiki yake Miriam Makeba, yuleyule aliyeipeleka "Malaika" duniani, alimshawishi aende Liberia. Alihamia Monrovia na binti yake, baada ya ndoa kuvunjika na baada ya kuishi Barbados. Hakufanya kazi nyingi. Alikaa ufuoni, akacheza dansi, akapumzika, na baadaye alisema ile ndiyo miaka aliyokuwa na furaha kuliko yote.

Alipoondoka Liberia alikwenda Uswisi, kisha Paris, Uholanzi, na mwisho kusini mwa Ufaransa. Onyesho lake la Montreux, Uswisi, mwaka 1976 lilirekodiwa kwa picha, na ninawasihi mlitafute. Anaingia, anainama, anawatazama watu kwa muda mrefu bila kusema neno. Baadaye anamwamuru mtu mmoja akae chini, na anakaa.

Alikuwa na watoto?

Mmoja, Lisa, aliyezaliwa tarehe 12 Septemba 1962. Naye ni mwimbaji na mwigizaji.

Wanasema alikuwa mkali hata kwa walio karibu naye. Ni kweli?

Ni kweli, na lazima isemwe pamoja na mengine. Mume wake wa pili, Andrew Stroud, aliyekuwa pia meneja wake, alimpiga. Nina aliandika hayo mwenyewe. Binti yake naye amesimulia kwamba huko Liberia mama alikuwa akimpiga yeye. Mwaka 1995 nchini Ufaransa alimfyatulia kijana wa jirani bunduki ya hewa kwa sababu kelele zake zilimkatiza kazi, akapewa kifungo cha nje. Katika miaka ya 1980 madaktari walikuwa wamebaini kwamba ana bipola, ugonjwa wa akili unaomrusha mtu kati ya msisimko wa kupindukia na huzuni nzito. Dawa zilimtuliza, lakini zilimpunguzia wepesi wa vidole.

Huku kwetu mtu wa namna hiyo huitwa mkorofi, au husemwa amerogwa, mpaka anakufa bila kuona daktari. Nisingependa tuutumie ugonjwa kufuta alichowatendea watu, wala tuutumie kumfuta yeye.

Kaburi lake liko wapi?

Hakuna. Hili huwashtua sana watu wa Luo na Luhya, kwetu ambako mtu akifia hata Mombasa lazima arudishwe alale nyumbani. Alifia Carry-le-Rouet, kijiji cha pwani ya Mediterania, kwa saratani ya matiti, akiwa na miaka 70. Makeba alihudhuria mazishi. Mwili ulichomwa, na kwa matakwa yake majivu yakatawanywa katika nchi kadhaa za Afrika. Tryon wana sanamu yake ya shaba, yenye sehemu ya majivu hayo ndani. Nyumba ndogo ya vyumba vitatu alimozaliwa ilikuwa karibu kubomolewa. Mwaka 2017 wasanii wanne weusi, mmoja wao Julie Mehretu mzaliwa wa Addis Ababa, waliinunua kwa dola 95,000 ili isipotee.

Kuna filamu nzuri kumhusu?

Tazameni ile ya hali halisi ya 2015 iliyoongozwa na Liz Garbus. Ina rekodi za Nina mwenyewe akizungumza. Ile ya kuigiza ya 2016 iacheni. Zoe Saldana alipakwa rangi ili aonekane mweusi zaidi na kuvalishwa pua ya bandia, kwa kumwigiza mwanamke aliyeimba "Four Women". Saldana mwenyewe aliomba radhi mwaka 2020.

Nianze na nyimbo zipi?

Kama wewe ni mtu wa kanisa, anza na "Sinnerman" ya 1965. Ni wimbo wa kiroho alioutoa kwenye mikutano ile ya uamsho ya mama yake, wenye urefu wa zaidi ya dakika kumi, na katikati bendi inanyamaza yakabaki makofi. Zima simu. Kama unapenda mapenzi, "I Loves You, Porgy". Kama ulikuja kwa sababu ya "Feeling Good", umekwisha kuanza. Rudi nyuma kwenye albamu ya kwanza. "To Be Young, Gifted and Black", aliyoitunga kumkumbuka Hansberry aliyefariki 1965 akiwa na miaka 34 tu, ni nyepesi kwa kwaya za shule na maneno yake hayahitaji kubadilishwa.

Kinanda changu cha kanisani kina vibonye 61 tu. Naweza kupiga kama yeye?

Piano kamili ina vibonye 88, kwa hiyo utakosa noti za chini kabisa ambazo Nina alipenda kuzigonga mwishoni mwa ubeti. Si tatizo kubwa. Tatizo ni kama kinanda chako hakitofautishi kugusa na kugonga, kwa maana kazi yake nusu ni hapo. Kabla ya kununua au kuazima, bonyeza kibonye kilekile polepole, kisha kwa nguvu. Kama sauti haibadiliki, tafuta kingine. Ongeza pedali ya kushikilia sauti.

Kisha chukua "My Baby Just Cares for Me" na ujifunze mkono wa kushoto peke yake, ule mwendo wa besi unaotembea hatua kwa hatua, mpaka uweze kuupiga huku ukiongea na mtu. Ukiweza hivyo, utaweza kuimba juu yake. Mkono wa kulia uingie mwisho. Na ile midundo iliyomo ndani ya kinanda, rumba, reggae na mingine yote, izime.